Stenti tatu, vena ngapi? Wa bili na misimbo ya tiba Marekani njooni hapa

BintiTandale

Wakuu heshima kwenu. Naomba wanaofanya kazi ya bili na misimbo ya tiba ya Marekani waje hapa, mliopo huku na mliopo nyumbani mnaofanya kwa mtandao. Mods msiunganishe na ule uzi wa mitihani ya CPC (cheti cha watu wa misimbo), huu ni wa kesi moja tu.

Nipo kliniki ya mishipa hapa Texas. Si hospitali. Daktari ana chumba chake cha upasuaji mdogo humo humo, mgonjwa anaingia asubuhi, alasiri yuko kwake. Aliyekuwa anakaa meza ya bili kaacha kazi, meza nimerithi mimi pamoja na rundo la madai yaliyorudishwa na bima. Moja limenikaa kooni.

Kazi iliyofanyika ni hii. Mguu wa kushoto unavimba muda mrefu, na damu iliwahi kuganda humo. Daktari kaingia kwa sindano kwenye vena ya paja la kushoto akiongozwa na altrasaundi, kapeleka katheta hadi vena kava ya chini (vena kuu ya tumboni), kapiga picha ya vena kwa dawa ya rangi, kisha kapitisha IVUS (ile altrasaundi ndogo inayoingia ndani ya mshipa) kutoka vena kava mpaka femorali ya pamoja (vena ya juu ya paja). Kaona iliaki ya pamoja (vena ya nyonga, inayoungana na vena kava) imebanwa zaidi ya nusu na ubovu "unashuka kuelekea" iliaki ya nje. Kapanua kwa puto, kaweka stenti tatu (vile vibomba vya wavu wa chuma vya kushikilia mshipa uwe wazi) zinazopandana, kapanua tena, kaangalia tena kwa IVUS, kamaliza.

Dai lilivyotumwa na aliyenitangulia: 37238 moja (stenti, vena ya kwanza), 37239 mbili (stenti, kila vena ya ziada), 37248 moja (puto la vena), 37252 moja (IVUS, ya kwanza), 37253 tatu (IVUS, za ziada), 75820 (picha ya vena), 36010 (katheta kwenye vena kava) na 76937 (sindano kuongozwa na altrasaundi). Utambuzi wa ugonjwa ni I87.1 (mbano wa vena) peke yake.

Bima (ya kampuni binafsi, si Medicare, ile bima ya serikali ya wazee) imelipa 37238, IVUS zote, 36010 na 76937. 37248 na 75820 zimerudi na CO-97. Zile 37239 mbili wanataka kumbukumbu za mgonjwa kwanza. Meneja ananiambia, "Stenti tatu tumenunua, stenti tatu tudai, peleka rufaa." Mimi naona hapa pana harufu. Naomba kuwasilisha.

mpita_njia

Nimesoma mpaka 37253 nikadhani ni namba ya kulipia king'amuzi. Nakaa nyuma kusoma, endeleeni.

Mzee_wa_CPT

Binti, hapo pana harufu kweli, na haitoki kwa bima.

Tuanze na puto maana ndilo jepesi. Maelezo ya 37238 yenyewe yanasema ni stenti kwenye vena ya kwanza, pamoja na upanuzi wa puto ndani ya mshipa ule ule na usimamizi wa picha wa kazi hiyo. Puto la kabla, puto la baada, puto la kuikandamiza stenti ikae vizuri ukutani, yote yamo humo. 37248 ungeidai kama angepanua vena nyingine ambayo hakuiwekea stenti. CO-97 maana yake ni kwamba hii tumeshailipa ndani ya nyingine, na kwa 37248 wako sahihi. Usipoteze wino kwenye rufaa, iondoe.

Sasa stenti. Kanuni hapa ni kuhesabu mishipa, si vyuma. Vena moja hata ikiwekewa stenti tano ni 37238 moja. 37239 ni kwa kila vena ya ziada. Kudai 37238 na 37239 mbili ni kusema daktari kaweka stenti kwenye vena tatu, na kwa maelezo yako mwenyewe kuna iliaki ya pamoja na iliaki ya nje. Ya tatu imetoka wapi? Hiyo moja ife leo, haihitaji hata kumuuliza daktari.

Inayobaki moja ndiyo kesi yenyewe. Mbano ukivuka mpaka wa vena moja ukaingia nyingine, nao ukatibika kwa tiba moja, unadaiwa mara moja tu. Ikiwa kuna mbano kwenye iliaki ya pamoja na mwingine wake mwenyewe kwenye iliaki ya nje, hapo una 37238 na 37239 kihalali kabisa. Ndiyo maana nakuuliza: hayo maneno "unashuka kuelekea" yapo hivyo hivyo kwenye ripoti, au ni yako?

BintiTandale

Shikamoo Mzee. Ni ya kwenye ripoti. Ngoja nipandishe picha ya hicho kipande.

Mod_Uzi

Picha imeondolewa. Jina lilifunikwa lakini tarehe ya huduma na namba ya faili vilikuwa vinasomeka. Kwa HIPAA (sheria ya Marekani ya siri za mgonjwa) kuna vitambulisho 18 vya kuondoa, na tarehe ya matibabu ni kimojawapo, si jina tu. Andikeni kwa maneno.

BintiTandale

Sawa mod. Kwa maneno basi. Kuna sentensi mbili zinazogombana. Kwenye matokeo: "Iliaki ya pamoja ya kushoto imebanwa kwa kiwango kikubwa, ubovu unashuka kuelekea iliaki ya nje." Kwenye hitimisho: "Stenti za iliaki ya pamoja na iliaki ya nje kwa mafanikio." Aliyenitangulia bila shaka alisoma hitimisho akafunga kompyuta.

JirambaPhoenix

Mimi natofautiana kidogo na Mzee. Kanuni inasema "tiba moja." Stenti moja ndefu inayovuka mpaka ni tiba moja, sawa. Lakini hapa zimewekwa tatu. Sehemu ya chini isingetibika kwa stenti ya juu. Mimi ningedai 37239 moja na kuitetea.

Mzee_wa_CPT

Jiramba, hoja yako naijua na wapo wanaoitetea. Ila angalia inakokupeleka: daktari akiwa na stenti ya milimita 150 kabatini anadai moja, akiwa na fupi fupi anadai mbili, kwa mgonjwa yule yule mwenye ubovu ule ule. Malipo yatategemea kilichopo stoo. Mimi nasimama kwenye ugonjwa: mbano mmoja usiokatika ni tiba moja hata kama vyuma vimeunganishwa. Mkaguzi akija ataanza na swali hilo hilo, "nionyeshe mbano wa pili," na hitimisho la ripoti halina mbano wa pili, lina stenti tu.

Na dada, usikimbilie kuamua wewe. Hizo sentensi mbili ni za daktari, azifafanue yeye.

KayoleRemote

Wadau habari zenu. Mimi niko Nairobi, nafanya usiku kwa kampuni ya bili ya huko. Notisi walizotupa wakati wa mafunzo zinasema stenti ya vena ni 37205 na ya ziada 37206, puto la vena ni 35476 pamoja na 75978, IVUS ni 37250. Hizi 37238 zenu zimetoka wapi? Ama tunatumia vitabu tofauti?

Mzee_wa_CPT

Kayole, hizo notisi peleka makumbusho. 37205 na wenzake walifutwa 2014, ndipo zikaja 37236 na 37237 za ateri na 37238 na 37239 za vena. IVUS ikabadilika 2016 ikawa 37252 na 37253. Puto la vena likafuata 2017: 35476 na ile 75978 ya picha yake zikazikwa, ikaja 37248 kwa vena ya kwanza na 37249 kwa kila ya ziada, picha ikiwa ndani. Kila Januari 1 kitabu cha CPT (hii misimbo ya kazi za daktari) kinabadilika, na kinachotumika ni kile cha mwaka wa siku ya huduma, si cha siku unayotuma dai.

Ukiona notisi zina msimbo mmoja wa kazi na mwingine wa picha yake pembeni kwa stenti ya vena, jua ni za zamani. Mtindo wa sasa ni kuvifunga pamoja. Hicho ndicho kinawachanganya walioanza kazi hii enzi zile, wanaendelea kutafuta cha kufungua.

DktChangamwe

Nimevutwa hapa na rafiki. Mimi si mtu wa bili, niko upande wa sindano. Niwape picha ya ndani labda itasaidia.

Ateri ya iliaki ya kulia inapita juu ya vena ya iliaki ya kushoto, na nyuma ya hiyo vena kuna uti wa mgongo. Vena inakandamizwa katikati. Ndiyo maana kesi nyingi ni za mguu wa kushoto. Madaktari May na Thurner waliandika mwaka 1957: katika maiti 430 walizochunguza, asilimia 22 walikuwa na kovu ndani ya vena hapo. Yaani zaidi ya mmoja katika watano, na wengi wao waliishi na kufa bila kulalamika mguu.

Sasa mbano wa aina hiyo ukiwa peke yake ni mfupi, uko pale vena inapovukwa na ateri. Lakini mtu aliyewahi kuganda damu ana kitu kingine: ukuta wa vena umekuwa mnene, ndani kuna nyuzi za makovu, na hali hiyo inaweza kwenda mfululizo kutoka juu mpaka karibu na nyonga. Tunaweka stenti tangu palipo pabovu mpaka tufike kwenye vena nzima, kwa sababu stenti ikiishia katikati ya ubovu itaziba. Tunazipandanisha makusudi ili pasibaki pengo. Kwa hiyo kwa macho yangu, stenti tatu zinazopandana kwa mgonjwa aliyewahi kuganda ni ishara ya ugonjwa mmoja mrefu. Inawezekana vinginevyo, ila ningependa kusoma kwamba katikati kulikuwa na kipande kizima cha vena.

Mzee_wa_CPT

Daktari ahsante sana, na hapo umegusa kingine. Dada, ile I87.1 peke yake ni mbano wa vena, basi. Kwa sababu ya ile asilimia 22 aliyoitaja daktari, bima inaona msimbo huo na kujiuliza kama mlimwekea stenti mtu aliyekuwa anatembea zake salama. Umesema mgonjwa aliwahi kuganda damu. Ganda la zamani kwenye iliaki ya kushoto lina msimbo wake, I82.522. Madhara ya baadaye ya damu kuganda yako kwenye kundi la I87.0: yenye kidonda mguu wa kushoto ni I87.012, na hapo unaongeza L97 inayosema kidonda kiko wapi na kimefika kina gani. Lakini usichukue hata kimoja kwenye historia ya mdomo ya nesi wa mapokezi. Daktari aliyemtibu awe ameuandika ugonjwa huo.

BintiTandale

Nimeangalia faili. Kwenye ziara ya kwanza daktari kaandika ugonjwa wa baada ya damu kuganda, mguu wa kushoto, kidonda kifundoni. Kwenye ripoti ya siku ya stenti kaandika "mbano wa iliaki" tu. Hivyo vilitengana kilomita.

Meneja kanijibu leo. Anasema stenti moja inagharimu fedha nyingi, kliniki itakula hasara wapi.

NesiWaOhio

Mwambie meneja wako bei ya stenti imo ndani ya malipo ya 37238 inapofanyika kliniki. Malipo ya kliniki ni makubwa kuliko anayolipwa daktari akifanyia hospitalini kwa sababu yana vifaa, wahudumu na chumba. Kilichokokotolewa humo hakitafutiwi mlango wa pili.

Hospitali ni habari nyingine. Pale daktari anadai sehemu yake na hospitali inadai yake, stenti inaonekana kwenye bili ya hospitali kwa msimbo wa kifaa, C1876 kwa stenti isiyofunikwa iliyo na mtambo wake wa kuingizia. Medicare hailipi huo msimbo peke yake kwa mgonjwa wa nje, unameng'enywa ndani ya malipo ya kazi nzima, lakini ukiacha kuuandika gharama zako zinapotea kwenye hesabu za miaka ijayo. Na IVUS ambayo kwenu kliniki inalipwa vizuri, kwa upande wa hospitali ya wagonjwa wa nje imemezwa pia.

Mimi nawakumbusha 76937 maana hiyo huwa inanikera. Imelipwa, sawa. Picha ipo? Msimbo huo unataka vitu vitatu: vena ikaguliwe kwamba iko wazi, sindano ionekane ikiingia wakati huo huo, na picha ihifadhiwe kudumu. Nimefanya kazi mahali mashine ilikuwa inazimwa bila mtu kubonyeza kuhifadhi, halafu kila dai lina 76937. Mkaguzi anaomba picha 20, anapewa 3.

Na usingizi mwepesi, kama nesi alikuwa anamwangalia mgonjwa kwa maelekezo ya daktari, 99152 haimo ndani ya 37238, inadaiwa pembeni. Angalia kama dakika ziliandikwa. Chini ya dakika 10 hakuna dai.

BintiTandale

Nesi, picha ipo, nimeiona kwa macho yangu, vena na ncha ya sindano. Dakika za usingizi zimeandikwa: kuanza, kumaliza, na jina la nesi aliyekaa na mgonjwa. Na 99152 haikudaiwa! Huku wanagombania stenti ya tatu ambayo haipo, na ya haki wameiacha mezani.

mpita_njia

Hahaha. Meneja apewe taarifa polepole akiwa amekaa.

JirambaPhoenix

Turudi kwa 75820. Hiyo mimi nisingeitupa haraka. Picha ya vena ya uchunguzi inaruhusiwa siku hiyo hiyo ya stenti kama hapakuwa na ya katheta ya awali, picha ikafanyika kamili, na uamuzi wa kuweka stenti ukatokana nayo. Hapo unaweka modifaya 59 (alama ya nyongeza kwenye msimbo). Aliyekutangulia aliweka?

BintiTandale

Hakuweka. Kabla ya hapo mgonjwa alipigwa CT ya vena tu, hakuna ya katheta. Lakini fomu ya ridhaa ya mgonjwa, ya wiki moja kabla, inasema "kuwekewa stenti ya vena ya iliaki."

Mzee_wa_CPT

Basi hiyo fomu ndiyo shahidi atakayewaangusha. Ni kweli CT si picha ya katheta, na kwa hilo Jiramba yuko sahihi. Ila sharti la uamuzi kutokana na picha liko pale pale. Kama uamuzi ulishafanyika wiki moja kabla kwa CT, rangi iliyopigwa siku hiyo ilikuwa ya kumwonyesha daktari njia, na picha ya kuonyesha njia imo ndani ya 37238. Ingekuwa fomu inasema "uchunguzi wa vena, na tiba ikibidi," na ripoti ikaeleza vena zote za mguu huo na mtiririko wa pembeni, ningekuambia weka 59 ulale usingizi.

Modifaya 59 si ufunguo wa kila kufuli. Inasema kazi hii ilikuwa tofauti. Ukiisema lazima uwe na karatasi.

KayoleRemote

Mzee, swali la upande wangu. Sisi hupata pia kesi za wagonjwa waliolazwa na hizi namba za CPT hazipo kabisa, kuna herufi herufi. Stenti ya iliaki ya pamoja na ya nje tunaandika mbili?

Mzee_wa_CPT

Hiyo ni ICD-10-PCS, bili ya hospitali kwa mgonjwa aliyelazwa. Stenti ya iliaki ya pamoja ya kushoto ni 067D3DZ. Isome hivi: 0 ni upasuaji, 6 ni vena za chini ya mwili, 7 ni kupanua, D ya kwanza ni iliaki ya pamoja ya kushoto (ya kulia ni C), 3 ni kupitia ngozi, D ya pili ni kifaa kinachobaki ndani ya mshipa, Z hakuna cha kuongeza. Iliaki ya nje ya kushoto ni G mahali pa ile D ya kwanza, yaani 067G3DZ.

Na jibu lako linafanana na la dada. Kazi ikiwa kwenye kipande kimoja kisichokatika kinachopita vena zaidi ya moja, kanuni ya PCS inakutaka uandike ile iliyo karibu zaidi na moyo, kwa hiyo 067D3DZ peke yake. Mibano miwili mbalimbali, misimbo miwili.

KayoleRemote

Imeingia. Na wale wa kusafishwa damu kwa mashine, wenye fistula mkononi (ateri iliyounganishwa na vena)? Wiki iliyopita nilipewa stenti ya vena ya subklavia na mwingine juu yangu akaweka 37238.

Mzee_wa_CPT

Daktari aliingilia wapi? Akichoma kwenye fistula yenyewe, uko kwenye familia ya 36901 hadi 36909, si 37238. Stenti ya vena kubwa za kifuani kupitia fistula ni 36908, ni ya nyongeza, haisimami bila mmoja wa 36901 hadi 36906. Na vena zote hizo za kati zinahesabika sehemu moja: subklavia, brakiosefaliki na vena kava ya juu, stenti mbili au tatu, 36908 moja. Angeingilia pajani bila kugusa fistula, ndipo 37238 inarudi.

MtotoWaMamaColumbus

Samahanini wajuzi, mimi si wa fani. Mama yangu mzazi aliwekewa stenti ya vena hospitalini hapa Columbus, ndiyo nikaukuta uzi huu. Bima imelipa sehemu, sasa barua za hospitali zinakuja na jumla tu, "huduma za upasuaji," na fedha zinazotajwa mama hajawahi kuziona. Nifanyeje? Tusilipe kwanza?

NesiWaOhio

Pole ndugu, mpe mama pole yetu. Usikae kimya na usilipe kwa kadi ya mkopo kwa woga.

Chukua karatasi ya maelezo ya malipo kutoka kwa bima, ile iliyoandikwa juu kwamba si bili. Kisha piga hospitali uombe bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari, na misimbo. Linganisha. Ukiona 37238 na 37248 kwa mshipa ule ule, au 37239 wakati mama aliambiwa vena moja, uliza kwa maandishi. Anachotakiwa kulipa mama ni kile ambacho bima imekitaja kuwa sehemu yake, si bei ya ukutani. Na kama hospitali iko kwenye mtandao wa bima yake lakini mtoa usingizi hakuwa, sheria ya kuzuia bili za kushtukiza iliyoanza Januari 2022 kwa kawaida inamzuia huyo kumdai mama tofauti yake.

La pili, tafuta kama hospitali ni ya kutotafuta faida. Zikiwa hivyo, ili zibaki na msamaha wa kodi wa serikali kuu lazima ziwe na sera ya msaada wa kifedha, na unaruhusiwa kuomba mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Fomu zipo kwenye tovuti yao, mara nyingi chini kabisa. Omba mkalimani wa Kiswahili kama mama anataka kuongea mwenyewe, hawamtozi.

MtotoWaMamaColumbus

Mungu akubariki dada. Kesho asubuhi naanza na mchanganuo.

BintiTandale

Narudi kwangu. Swali kwa daktari nimelitunga mara ya kwanza hivi: "Tafadhali thibitisha kwamba kulikuwa na mibano miwili tofauti ili tuweze kudai 37239." Meneja kalipenda. Mzee?

Mzee_wa_CPT

Hilo si swali, ni ombi la rushwa lenye alama za uandishi. Swali la daktari halitaji fedha, halitaji msimbo, wala halimwekei jibu mdomoni. Andika kama hivi:

"Daktari, kwenye ripoti yako ya stenti, matokeo yanataja mbano wa iliaki ya pamoja ya kushoto wenye ubovu unaoshuka kuelekea iliaki ya nje. Hitimisho linataja stenti za iliaki ya pamoja na iliaki ya nje. Kwa maoni yako ya kitabibu, tafadhali eleza hali ya ugonjwa kwenye vena hizo: ugonjwa mmoja usiokatika, maeneo mawili yaliyotengana, nyingine (eleza), haiwezekani kubaini. Pia eleza ugonjwa uliosababisha tiba hii."

Majibu yote manne yawe halali kwako. Akijibu, anaongeza nyongeza kwenye ripoti yenye tarehe ya leo na saini yake, hafuti ya zamani. Na picha za IVUS ziwe mkononi mwake anapojibu.

DktChangamwe

Nikipata swali kama hilo najibu siku hiyo hiyo. Nikipata lile la kwanza nampigia mwanasheria.

JirambaPhoenix

Na mwambieni meneja kwamba sheria ya madai ya uongo ipo Marekani tangu 1863, ilitungwa wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wauzaji waliokuwa wakiliibia jeshi, na mpaka leo mfanyakazi anayetoa taarifa anapewa sehemu ya fedha zinazorudishwa. Ingekuwa Medicare, fedha iliyolipwa zaidi ukishaibaini una siku 60 kuirudisha. Bima binafsi zina mikataba yao, isome.

BintiTandale

Wakuu, mrejesho. Daktari alikaa na picha za IVUS akajibu kwa mkono wake: ugonjwa mmoja usiokatika kutoka iliaki ya pamoja mpaka iliaki ya nje, makovu ya damu iliyoganda zamani, pamoja na vena kukandamizwa na ateri kwa juu, ugonjwa wa baada ya damu kuganda wenye kidonda, kushoto. Nyongeza imesainiwa.

Kwa hiyo dai jipya: 37238 moja, 37239 hakuna, 37248 hakuna, 75820 hakuna, 36010, 76937, 99152. Utambuzi unaanza na I87.012, kisha L97 yake, kisha I82.522, kisha I87.1. Limebaki jambo moja, IVUS. Tulidai vena nne: vena kava, iliaki mbili, femorali ya pamoja. Zote zimelipwa. Nitulie?

Mzee_wa_CPT

Usitulie. Kanuni ya mbano unaovuka mpaka ipo kwenye IVUS pia, unadai mara moja hata kama ulipiga picha vena zote mbili. Daktari kasema ugonjwa ni mmoja kwenye iliaki zote mbili, basi hizo mbili zinakuwa moja. Vena kava na femorali zinabaki ikiwa ripoti inasema alizikagua kwa sababu na nini alikiona. Ile ya kurudia baada ya stenti haihesabiki upya.

BintiTandale

Ripoti inasema vena kava haina ganda, na femorali ya pamoja iko wazi, kipimo kimeandikwa, ndipo akaamua stenti iishie juu yake. Basi 37252 moja na 37253 mbili badala ya tatu. Naituma kama dai la kubadilisha la awali, namba 7 kwenye sehemu ya aina ya dai, na namba ya dai la zamani ndani yake.

Meneja nimemwonyesha jumla. Fedha ya 37253 moja tunawarudishia, 99152 inaingia. Kauliza kama kuna madai mengine ya stenti kwenye rundo lile. Yapo 11.

Mzee_wa_CPT

Anza na yale yenye 37239.